Kipengele cha Kwaya Pendwa

"Mama Fundi, hivi hao watu wote unawalaza wapi?"

Msusi wa chumba cha pili aliuliza hivyo alasiri moja. Alikuwa amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni, na mteja wake anamsubiri barazani na nusu ya kichwa haijasukwa. Fundi hakuinua macho. Alikuwa anapachika kola, na kola haitaki haraka.

"Hawalali hapa," alisema. "Wimbo ukiisha wanaondoka."

Msusi alichungulia ndani. Chumba kilikuwa kilekile siku zote: kitanda, kabati la vitambaa, meza ya kukatia, pasi ya mkaa juu ya kigae, na cherehani mbili za kukanyaga zimetazamana. Kwenye moja alikaa Fundi. Ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, na kikanyagio chake kilikuwa kinapanda na kushuka chenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine wala redio, na kwaya nzima ilikuwa inaimba. Soprano walikuwa upande wa dirisha. Teno walikuwa wamebanana karibu na kabati. Alto walikuwa kwenye cherehani iliyofunikwa, na besi walitokea chini ya kitanda, wakizitetemesha rili za uzi juu ya meza.

"Hao wa chini ya kitanda si wataumia migongo?"

"Ni besi hao. Wamezoea mambo ya chini."

Msusi alivuta mdomo. Hakushangaa, ila hakupendezwa. Alikuwa amepanga nyumba ile muda mrefu, na alijua kwamba mtu akikaribisha wageni wengi bila kuwaarifu wenzake, lipo jambo.

"Haya, jirani. Lakini choo ni cha wote. Uwaambie."

*

Wimbo ule uliitwa "Jiwe." Ulikuwa unahusu wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, wakiulizana njiani ni nani atakayewaviringishia jiwe. Aliyeutunga ni binti wa Fundi. Aliutunga kwenye cherehani ile ya pili, wakati yeye na mama yake wanashona sare za kwaya, na aliutunga kwa mguu kabla hajautunga kwa mdomo. Anayeshona kola hukanyaga moja kwa moja mpaka kwenye ncha. Pale husimama, akainua mguu wa mashine, akazungusha kitambaa sindano ikiwa bado imezama, kisha akashusha na kuendelea. Ndiyo maana katika "Jiwe" kuna mahali, kwenye ubeti wa tatu, ambapo kwaya yote hukatika ghafla katikati ya neno, halafu ikaendelea kama imegeukia upande mwingine. Watu walipapenda hapo kuliko pengine pote. Walisema unaliona jiwe lenyewe likisita.

Kwaya ile ilikuwa na utaratibu wake. Mwenye wimbo aliuimba mbele ya wenzake, na Mwalimu wa kwaya akauandika nota ubaoni kwa chaki, ili kila sauti ipate njia yake. Aliyeandika ubaoni ndiye aliyehesabiwa kuwa mtunzi. Hakuna aliyeona vibaya. Wimbo ambao haujapita ubaoni ulikuwa kama mtoto asiyebatizwa, na mtoto asiyebatizwa hupewa jina na anayembatiza. Binti aliimba, Mwalimu akaandika, na kwenye kona ya juu akaweka jina lake mwenyewe kama alivyozoea. Binti alikohoa kidogo, akakaa. Msimu ule ndio alianza kukohoa. Mvua zilipokatika alikuwa amekwisha kuzikwa. Kwaya ilimwimbia nyimbo zote kaburini isipokuwa ule wake, kwa sababu Mwalimu alisema bado haujaiva.

Ulipoiva, ulishinda.

Kulikuwa na tuzo za muziki za nchi nzima, na ndani yake vipengele vingi: vya bendi, vya waimbaji wa peke yao, vya nyimbo za kuchezeka. Kimoja kilikuwa cha Kwaya Pendwa, na hicho wananchi wenyewe ndio walikipigia kura. Walikuwa wakikipenda. Wapo waliokaa mbele ya televisheni kwa ajili ya kipengele hicho tu, na kikipita wakaizima. Mwaka ule walichagua "Jiwe." Kombe lilitolewa kwanza. Mwalimu akalipokea, akamshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, akashukuru na kipaji alichojaliwa. Ndipo kwaya ikapanda jukwaani, ikafungua vinywa.

Ukumbini hakikusikika kitu. Waliuimba wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, mishipa ya shingo imewatoka, na watu waliovaa suti wakawatazama kama mtu anavyotazama samaki ndani ya chupa. Mafundi mitambo walikimbia huku na huku wakivipigapiga vipaza sauti. Saa ileile Fundi alikuwa chumbani kwake anapiga pasi, na wimbo ukamjia mzima, haukupungua hata sauti moja. Tena ulikuwa na sauti moja ya ziada. Katikati ya alto alimsikia binti yake.

Aliiweka pasi kwenye kigae isiunguze nguo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema amina, akaendelea na kazi. Hakumweleza mtu.

Mwaka uliofuata kipengele cha Kwaya Pendwa hakikutajwa. Kamati ya tuzo ilisema kimepumzishwa kwa sababu za kiufundi. Kwaya nyingine zilizokuwa zimejiandaa zilibaki na sare zao kwenye mifuko.

Hapo watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Kwaya za makanisa mengine zilisema wale waliiba kura, ndiyo maana Mungu aliwafunga midomo. Ndani ya kwaya yenyewe, teno waliwashuku soprano, soprano wakamshuku mwenyekiti, na mwenyekiti akaacha kunywa chai ya mazoezini, akawa anakuja na chupa yake. Wakiimba nyimbo nyingine zilisikika vizuri tu. "Jiwe" peke yake ndio uliowaacha wamesimama na kwenda zake. Mpaka siku mpita njia alipousikia kwa Fundi na kwenda kusema. Basi shuku zote zikapata nyumba ya kulala.

*

Wa kwanza kutumwa alikuwa besi mmoja mnene aliyeitwa Ngurumo. Alikalishwa kwenye kigoda, akapewa chai, akangoja. Kule kanisani wenzake wakaanza kuimba, na wimbo ukaingia chumbani kwa Fundi kama kawaida yake. Ngurumo alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha.

"Mbona besi nyembamba hivi?" alilalamika.

"Kwa sababu wewe uko hapa, mwanangu."

Aliinua shuka kwa adabu, akatazama chini ya kitanda. Aliona kandambili na sanduku. Akaishusha shuka.

"Mama, hebu niambie kweli. Umetufanyia nini?"

"Mimi? Nimewashonea sare."

"Watu wanasema umeufunga wimbo wetu humu ndani."

"Mlango huu hata kufuli hauna. Uchukueni mwende nao."

Ngurumo alijikuna shingo, akamaliza chai yake, akaenda kutoa habari.

Baada yake alikuja Mwalimu mwenyewe na fundi umeme. Mwalimu aliusikiliza wimbo mara moja, akasema hili ni tatizo la vyombo tu. Wakasimamisha kipaza sauti mbele ya cherehani iliyofunikwa, wakapitisha waya dirishani, wakaulaza juu ya mapaa mpaka kanisani. Tangu hapo "Jiwe" ukasikika tena Jumapili. Kwaya ilifungua vinywa madhabahuni, sauti ikaenda kwa Fundi, ikarudi kwa waya kwenye spika. Ilichelewa kidogo, hivyo wanakwaya walifumba vinywa na wimbo bado unaendelea. Waumini walizoea. Wageni waliambiwa wasijali. Msusi alianika taulo zake kwenye waya ule, na fundi umeme alipomkemea alijibu kwamba kwaya imelala juu ya paa lake bure, taulo nazo zina haki.

Fundi aliwaruhusu waweke waya wao. Aliomba jambo moja.

"Mnapoutangaza wimbo, semeni ameutunga binti yangu. Mlitaje jina lake mara moja, watu wasikie. Basi, sitarudia."

"Tutaliangalia, mama," alisema Mwalimu.

Hakuliangalia. Jumapili baada ya Jumapili mtangazaji alisimama na kusema, "Sasa tusikilize wimbo wa Mwalimu wetu mpendwa." Fundi alikuwa benchi la nyuma na mtandio wake kichwani. Alisema moyoni, Bwana, wewe unasikia.

*

Siku moja Mwalimu alikuja na jora zima la kitambaa begani.

"Mama, kuna mjumbe wa kamati ya tuzo anakuja. Wanataka kuona kama kipengele kinaweza kurudi."

"Karibu yake."

"Nami nimekuletea kazi. Sare mpya za kwaya yote. Mtu mwingine sitampa."

Fundi alikipima kitambaa kwa vidole. Kilikuwa kizito, kizuri, cha kukaa miaka. Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

"Kitambaa kizuri hiki," alisema. "Kinafunika nini?"

"Mama nawe! Mtu akikupa mkono unahesabu vidole?"

"Nikipewa mkono nautazama. Sema, baba."

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumpigia mtu kelele. Wanakwaya walisema akikasirika ndipo huongea polepole.

"Yule mjumbe atauliza mambo ya utunzi," alisema polepole. "Wewe ni mshonaji. Mambo ya kwaya utuachie wenyewe."

"Asiponiuliza sitasema. Akiniuliza nitamjibu nilichokisikia kwa masikio yangu. Nimebakiwa na Mungu tu humu ndani, siwezi kumdanganya naye akaondoka."

Mwalimu aliitazama cherehani yenye kitambaa cheupe.

"Nyimbo tunazo nyingi, mama. 'Jiwe' tunaweza kuuacha. Tukiuacha, hapa kwako patakuwa kimya." Akamgeukia. "Usidhani sijasikia. Alto wangu nawajua mmoja mmoja, na humu kuna mmoja ambaye haji mazoezini."

Akaaga vizuri, akauliza hali ya mguu wake unaouma, akaondoka. Jora alikuwa ameliacha juu ya meza ya kukatia.

Fundi alishona siku ile huku akiomba. Jina la mwanawe lilikuwa upande mmoja na sauti ya mwanawe upande wa pili, na mkono wa kushikia vyote viwili hakuwa nao. Mara mbili alichoma kidole. Hakuligusa jora.

*

Mjumbe wa kamati alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya chini, mkoba ameukumbatia kama mtu aliyeonywa njiani. Alimwamkia Fundi, akaomba radhi, kisha akaanza kupekua. Alitazama chini ya kitanda. Alifungua kabati, akasukuma vitambaa. Aligonga ukuta, akapanda kwenye kigoda na kugonga dari.

"Msinione mkorofi," alisema. "Kuna kwaya iliwahi kutuletea wimbo, kumbe waimbaji wenyewe wa kukodi, wamejificha darini."

"Pekua tu, mwanangu," alisema Fundi. "Ila ukutani taratibu, plasta imechoka."

Walikuwemo Mwalimu na Ngurumo. Alikuwemo pia msichana mmoja wa alto ambaye watu walimwita Pacha. Hakuwa pacha wa mtu. Tangu wakiwa wadogo alisimama bega kwa bega na binti wa Fundi katika mstari wa alto, mmoja akivuta pumzi mwenzake anaishikilia sauti isikatike, mpaka watu wakawachanganya. Binti alipougua, Pacha ndiye aliyemwogesha. Sasa yeye ndiye aliyeanzisha "Jiwe" kila ulipoimbwa. Msusi alisimama mlangoni bila kuitwa.

Mwalimu alipiga simu kanisani, akamwambia mwenyekiti waanze, na mtu mwingine aanzishe kwa niaba ya Pacha. Wimbo ukaja. Soprano wakatanda dirishani, rili zikatetemeka, kikanyagio cha cherehani iliyofunikwa kikaanza kupanda na kushuka. Kwenye ubeti wa tatu kikasimama, kikangoja, kikaendelea. Mjumbe aliinama kukitazama.

"Hii inaendeshwa na nani?"

"Binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Oo. Pole sana, mama." Akajiinua, akasubiri kwa heshima mpaka wimbo ukaisha. "Sauti ipo, na ni nzuri. Waya nao umefungwa vizuri. Nina swali moja, kwa sababu kamati imeletewa maneno. Wimbo huu mtunzi wake ni nani?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Mama, wewe unasemaje?"

Fundi alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka mezani. Aliitazama cherehani ya pili kama mtu anayeomba ruhusa, halafu akamtazama mjumbe.

"Ameutunga binti yangu. Aliutunga hapo alipo, nami nimekaa hapa, nasikia." Akalitaja jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo. Lilikuwa halijatajwa mbele ya watu tangu mazishi.

Mwalimu hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mama amefiwa," alimweleza mjumbe. "Tunamwombea."

Mjumbe alimgeukia Ngurumo.

"Mimi ni besi, dada," alisema Ngurumo, akitazama vidole vyake vya miguu. "Sisi mambo yote huambiwa mwisho."

"Na wewe?"

Pacha alikuwa amejibanza kwenye kabati. Fundi alimtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuja pale akiwa mtoto na gauni limechanika: bila kumharakisha.

"Mwalimu ndiye aliyeuandika ubaoni," alisema Pacha.

"Hapo hujadanganya, mwanangu," alisema Fundi. "Lakini hujaulizwa hilo."

Pacha alianza kulia bila sauti. Hakubadilisha neno.

"Jamani, mimi si wa kwaya," alisema msusi kutoka mlangoni, "lakini hata mimi nilimsikia yule mtoto akiutunga. Wiki nzima! Nilimgongea ukuta apunguze, nina wateja."

"Wewe ni nani?" aliuliza mjumbe.

"Jirani."

"Jirani hawezi kuwa shahidi wa kamati."

"Basi mpeni ushahidi ukuta," alisema msusi. "Nao niliugonga."

Mjumbe alifungua mkoba, akatoa leso, akajifuta uso. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

"Mama, mimi nakuamini. Uso wako hauna uongo. Lakini sikiliza. Nikienda na jina la marehemu, kombe litabidi lirudishwe, na tutaulizwa tulimpaje asiyestahili. Tukikirudisha kipengele, tutaulizwa tulikifuta kwa nini, na pale ukumbini tulisema ni mitambo. Sababu za kiufundi zimekaa vizuri. Zina miaka yake sasa, watu wamezizoea. Nikizigusa, kesho mtu atauliza na vipengele vingine."

"Kwa hiyo?" aliuliza Ngurumo.

"Kwa hiyo Kwaya Pendwa iendelee kupumzika. Kombe libaki lilipo, wimbo ubaki kwa jina lililoandikwa."

"Na hizo kwaya nyingine zinazosubiri?"

"Ziimbe tu, kaka. Nani amezikataza kuimba?"

Mwalimu alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Alikuwa amekosa tuzo ya pili, lakini ya kwanza haikuguswa, na mtu ambaye hajaguswa huwa mkarimu. Alimwendea Fundi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, mimi sina kinyongo. Lile nililosema siku ile, lisahau. 'Jiwe' hatutauacha. Utausikia kila wiki, Mungu akitupa uzima." Halafu akamgeukia mjumbe. "Usiondoke bure, dada. Usikilize mara ya pili, sasa ukiwa huna kazi nao."

Akapiga simu kanisani. "Rudieni."

Wimbo ukaja tena. Mjumbe alikaa kwenye kigoda, mkoba magotini, akaufurahia kweli. Fundi alisimama karibu na meza. Alikuwa amelisema jina, na wote walikuwa wamelisikia, na alidhani mwanawe naye amelisikia. Aliingoja ile sauti ya ziada ifanye jambo. Inyamaze, au iwatangulie wenzake, au iimbe peke yake.

Mwalimu, kwa mazoea, aliinua mkono. Hakukuwa na mtu wa kuongozwa mle ndani. Alianza kuongoza hivyohivyo, macho nusu ameyafumba, na sauti zikamfuata. Alipovuta mkono kuelekea dirishani, soprano walipanda. Alipokunja ngumi, teno walikaza. Kisha aliugeuza mkono, kiganja kikatazama chini, akaushusha taratibu mbele ya cherehani iliyofunikwa, kama alivyowafundisha alto miaka yote kwamba hapo si zamu yao, wawapishe wengine. Alto wakashuka. Binti wa Fundi alishuka pamoja nao. Alikuwa mwanakwaya mzuri, hakuwahi kuukaidi mkono wa Mwalimu. Kiganja kiliposhuka zaidi alishuka zaidi, mpaka mama yake, aliyekuwa hatua moja tu kutoka pale, hakumsikia tena.

Fundi alitungua mtandio wake kwenye msumari, akajifunika kichwa. Alipita kati ya Mwalimu na mjumbe, akampita Pacha, akampita msusi aliyempisha mlangoni, akatoka nje.